Katoni Kavu Chini ya Tangi

Kila Jumatano Wakesho alifika shambani kabla jua halijawa kali. Alibeba sufuria ya maharagwe, jiko la makaa na chupa ya chai. Mumewe, Thadeus, alimfuata akisukuma mkokoteni. Juu ya mkokoteni kulikuwa na jenereta. Ilikuwa ndogo, lakini kwa uzito mtu angedhani imemeza mawe.

Walikuwa wakulima wa nyanya huko Mahoo, karibu na Taveta. Nyaya za stima zilikuwa hazijafika kwenye mashamba yale. Kwa hiyo familia sita ziliungana, zikachimba kisima kirefu na kuweka pampu ya umeme ndani yake. Kila familia ilikuwa na zamu yake ya maji, siku moja kwa wiki. Kila familia ilikuja na jenereta yake ya kuendesha pampu. Zamu ilianza saa mbili asubuhi na kuisha saa kumi na moja jioni. Mwenyekiti wa kikundi, mzee Muinde, alikuwa mtu wa saa. Ikifika saa kumi na moja, hata ulie machozi, hakuongezei dakika.

Jumatano ilikuwa zamu ya Thadeus na Wakesho.

Shamba lao lilikuwa na sehemu mbili. Shamba la chini lilikuwa karibu na kisima. Hilo Thadeus alilinywesha kwa matone. Aliinua tangi la maji juu ya jukwaa la miti, akashusha mipira myembamba hadi kwenye mashina. Kazi ile ilikuwa safi. Hata maafisa wa kilimo walikuja kuitazama, wakampigia makofi. Tangu siku hiyo Thadeus aliamini hakuna kitu duniani ambacho jukwaa na mpira haviwezi kukitatua.

Shamba la juu lilikuwa mlimani kidogo. Hilo lilikuwa la Wakesho, na lilikuwa na habari yake.

Mwaka uliopita Thadeus aliugua ghafla. Tumbo lilimkata, akapelekwa hospitalini Voi, akafanyiwa upasuaji. Kwa siku kumi hakujua kama ni usiku au mchana. Wakesho alikaa kando ya kitanda, akamshika mkono, akaomba. Alisema, "Mungu wangu, nirudishie huyu mtu nyumbani. Kikapu cha kwanza cha nyanya za shamba langu la juu kitakuwa chako. Nitakibeba mwenyewe mpaka kanisani, Jumapili ya mavuno."

Thadeus alipona. Alirudi nyumbani amekonda, lakini anacheka. Wakesho hakuisahau ahadi yake. Alipanda miche mia nne katika shamba la juu. Sasa miche ilikuwa imetoa maua, na nyanya ikitoa maua huhitaji maji ya kutosha.

Tatizo lilikuwa hapo.

Tangi la jenereta yao lilichukua lita nne tu. Baada ya saa tatu petroli iliisha, jenereta ikanyamaza. Ilibidi wangoje nusu saa ipoe ndipo waongeze mafuta. Wakati huo maji yote yaliyokuwa yamepanda kwenye paipu ya mlimani yalirudi chini. Wakiwasha tena, ilichukua karibu saa nzima maji kufika juu. Hayo yalitokea mara mbili kila Jumatano. Saa tatu za zamu zilipotea hivi hivi.

Jioni moja Wakesho alishuka kutoka shamba la juu na maua makavu kiganjani.

"Baba Shanice, tazama," alisema. Shanice alikuwa binti yao, aliyekuwa akisoma shule ya bweni. "Yanaanguka. Mistari sita ya mwisho haijapata maji leo."

Thadeus aliyatazama maua. Uso wake ulibadilika.

"Hizo ndizo nyanya za kanisa?"

"Ndizo."

"Basi usijali, Mama Shanice. Jumatano ijayo jenereta haitazimika hata mara moja. Niachie mimi."

Wakesho aliujua ule uso. Ulikuwa uso wa siku ya makofi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Thadeus alikuwa amesifiwa vya kutosha.

Jumatano iliyofuata Thadeus alikuja na vitu vyake. Alikuwa na mtungi wa manjano wa lita ishirini, ule wa mafuta ya kupikia. Alikuwa na kipande cha mpira wa matone na koki ya plastiki. Alisimamisha jukwaa la miti lenye urefu kupita kichwa chake. Akautoboa mtungi karibu na kitako, akachomeka koki na mpira. Akaujaza petroli, akauweka juu, akaushusha mpira hadi kwenye kabureta, pale petroli inapoingilia injini ya jenereta.

"Tangi la pili hilo," alisema akijipangusa mikono. "Kama ninavyonywesha nyanya, ndivyo nitakavyoinywesha jenereta. Inywe mpaka jioni."

"Umemuuliza Mama Elly?" Wakesho aliuliza.

"Kuuliza nini? Si ni mpira na mtungi tu?"

Mama Elly ndiye Khalayi, jirani yao. Alizaliwa Bungoma, akamfuata mumewe Nashon aliyepata kazi kwenye shamba la mkonge. Huko Khalayi aliajiriwa kufagia nyumba ya mitambo. Alifagia akiwa anatazama, akatazama akiwa anauliza, mwishowe akawa fundi. Sasa jenereta yoyote iliyokohoa Mahoo ilipelekwa kwake.

Thadeus aliwasha jenereta. Ilinguruma vizuri. Maji yakapanda mlimani. Wakesho alibandika maharagwe kwenye jiko, hatua chache kutoka kwenye jenereta, mahali alipopika kila Jumatano. Kisha akapanda kufuata maji.

Baada ya nusu saa jenereta ilianza kukohoa. Ikakohoa tena. Thadeus akafikiri kidogo, akapanda jukwaani, akalegeza kifuniko cha mtungi. Petroli ikateremka kwa nguvu. Jenereta ikanguruma, halafu ikaanza kutoa moshi mweusi. Thadeus akainama kutazama. Petroli ilikuwa inatoka chini ya kabureta, inadondoka ardhini. Alipogusa mpira, ukachomoka mkononi mwake. Ulikuwa umelainika kama ugali wa maji. Petroli ikamrukia suruali yote, kuanzia pajani hadi kwenye kiatu.

Wakesho alikuwa anashuka kuja kukoroga maharagwe. Aliisikia harufu kabla hajaona kitu.

"Baba Shanice!"

Wakati huohuo Khalayi alikuwa anaingia kwa njia ya kisimani. Zamu yake ilikuwa Alhamisi, naye alikuja kukagua paipu zake. Hakuuliza chochote.

"Zima engine! Zima sasa! Funga koki! Toka hapo, Baba Shanice, rudi nyuma! Mama Shanice, hiyo jiko, iondoe! Pitia upande huu upepo unatokea! Mbali!"

Thadeus alizima jenereta na kufunga koki, akarudi nyuma. Wakesho alinyakua jiko pamoja na sufuria yake, akakimbia nalo mpaka kwenye migomba. Maharagwe yalimwagika njiani, hakuna aliyeyatazama. Khalayi alichukua jembe, akaimwagia mchanga petroli iliyokuwa ardhini. Akaendelea kumwaga mpaka pakawa na kilima kidogo.

Kisha akaweka jembe chini. Hakuna kilichowaka.

"Baba Shanice, usisogee karibu na moto wala ekzosi, hilo bomba la moshi," Khalayi alisema akihema. "Nenda ukavue hiyo suruali. Jioshe kwa sabuni na maji mengi. Suruali iache nje, upeponi. Usiipeleke jikoni kukauka."

Thadeus alirudi amejifunga leso ya mkewe. Siku nyingine wangemcheka mpaka jioni. Wakesho alimtazama miguu yake mizima, akaanza kulia.

"Ni sababu ya zile nyanya," Thadeus alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka utimize ahadi yako."

"Mimi niliomba nirudishiwe wewe!" Wakesho alisema. "Wewe! Si nyanya! Sasa ungeungua hapa, hizo nyanya ningempelekea Mungu na uso gani?"

Thadeus aliinama. Akaokota mpira uliolainika, akampa Khalayi.

"Mama Elly, nilikosea wapi?"

Namsifu Thadeus kwa swali hilo. Wapo wanaume ambao wangemlaumu mwenye duka la mpira.

Khalayi alikaa juu ya jiwe. "Ulikosea kwa sababu unajua maji," alisema. "Maji ukiyainua juu sana, yanashuka kwa nguvu, na wewe unataka hiyo nguvu. Petroli hapana. Ndani ya kabureta kuna boya dogo na sindano. Petroli ikitosha, boya linapanda, sindano inafunga mlango. Sasa wewe umeweka mtungi juu ya kichwa. Hiyo presha inaisukuma sindano mpaka inashindwa kufunga. Ndiyo maana ilimwagika."

"Na ile kukohoa ya kwanza?"

"Tangi lazima lipumue. Petroli ikitoka, hewa iingie. Mtungi ulikuwa umefunga kabisa, kwa hivyo petroli ikakataa kushuka."

"Na mpira?"

"Huo ni wa maji. Petroli inaula. Hata huo mtungi wa mafuta ya kupikia, na hiyo koki, polepole zinaliwa. Petroli inataka vitu vilivyotengenezewa petroli." Khalayi alinyoosha kidole mahali jiko lilipokuwa. "Halafu mvuke wake hauonekani. Unatambaa chini kwa chini mpaka upate moto. Leo ulibakisha hatua chache tu."

Wakesho aligeuka, akalitazama jiko kule kwenye migomba. Jiko lile alikuwa ameliweka yeye.

"Kwa hivyo tuache tu?" aliuliza. "Tangi la pili haliwezekani?"

"Linawezekana sana," Khalayi alisema. "Kule mkonge nilifunga la kwanza nikiwa bado msaidizi. Lakini kwanza, kitabu cha hii jenereta kiko wapi? Na warranty, ile dhamana ya duka ambayo ukibadilisha mtambo inakufa, imeisha?"

"Iliisha mwaka juzi. Kitabu kiko nyumbani," Thadeus alijibu.

"Kileteni. Kuna jenereta zingine zinavuta mafuta zenyewe kwa pampu, si kama hii, hizo zinataka kifuniko chao maalum. Hii yenu tangi liko juu na mafuta yanashuka yenyewe. Nikishaona kitabu, nitawaambia cha kutafuta."

Siku ile hawakuwasha tena. Zamu ilipita, na mistari ya juu haikupata hata tone. Wakesho aliumia, lakini kila alipomtazama Thadeus na leso yake, alishukuru.

Jumatatu Thadeus alikwenda Voi na karatasi aliyoandikiwa na Khalayi. Alirudi na tangi jekundu la lita kumi na mbili, la aina inayotumiwa na injini za boti. Lilikuwa limetengenezewa petroli. Kifuniko chake kilikuwa na skrubu ndogo ya kupitisha hewa. Alikuja pia na mpira wa petroli wenye kibonge laini katikati, cha kukamua ili kuvuta mafuta, chujio, koki ya chuma, kiungo cha njia tatu, klipu za kubana na kizima moto cha unga.

Khalayi alifunga kila kitu Jumanne, jenereta ikiwa baridi. Alimtaka Thadeus atumie mikono yake mwenyewe.

"Leo mimi nasema, wewe unafanya," alimwambia. "Kesho mimi sitakuwepo."

Jukwaa refu lilivunjwa. Thadeus alijenga jingine fupi la matofali, imara, lisilotikisika. Alitaka kuongeza tofali moja juu.

"Toa hilo," Khalayi alisema. "Kichwa cha tangi jipya kisipite kichwa cha tangi la zamani. Na kitako cha jipya kisiwe chini ya kabureta. Hapo katikati ndipo petroli inashuka bila fujo."

Waliliweka tangi hatua mbili kutoka kwenye jenereta, upande usio na ekzosi. Waliupitisha mpira mahali ambapo hautagusa chuma chenye moto wala kukanyagwa. Kiungo cha njia tatu kikakaa kati ya tangi la zamani na kabureta.

"Sasa sikilizeni hii vizuri," Khalayi alisema. "Koki ni mbili. Hii ya tangi la zamani, na hii ya jipya. Mkifungua hii, ile iwe imefungwa. Mkifungua zote, tangi moja litajaza lingine mpaka limwagike."

"Na nikianza, ninyonye kwa mdomo?" Thadeus aliuliza.

"Mdomo ni wa chai! Kamua hicho kibonge, petroli itakuja. Usijaze tangi mpaka shingoni. Acha nafasi, petroli hupanuka jua likiwaka. Jaza asubuhi, engine ikiwa baridi, na simu iache mbali. Kagua oili kabla ya kuwasha, kwa sababu sasa engine itafanya kazi siku nzima bila kupumzika. Fungua skrubu ya hewa ukitumia, ifunge ukibeba. Jioni funga koki zote. Na mvua ikinyesha, msiingize jenereta kwenye kibanda."

"Tumewahi kuingiza," Wakesho alikiri.

"Moshi wake una sumu ambayo haina harufu, Mama Shanice. Mtu analala tu, haamki. Ikae nje, mbali na mlango na dirisha. Mvua ikianza, zima, ikipoa ndiyo ufunike."

Wakesho alitaka kujua kama sasa wanaweza kuwasha. Khalayi alitikisa kichwa. Aliomba katoni. Wakesho alimpa moja iliyokuwa na sabuni. Khalayi aliipasua, akaitandaza chini ya viungo vyote. Akaweka petroli kidogo kwenye tangi jipya, akafungua koki, akakamua kibonge. Jenereta ilikuwa imezimwa.

"Sasa tukae," alisema. "Nusu saa. Tone moja likianguka, katoni itatuambia."

Walikaa. Wakesho alimimina chai kutoka kwenye chupa. Jiko lilikuwa kule kwenye migomba, na tangu siku ile hapo ndipo palipokuwa jikoni. Thadeus hakunywa chai. Aliikodolea macho ile katoni kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani.

Nusu saa ikaisha. Wakesho alipiga magoti, akapapasa katoni kila pembe. Akainusa.

"Kavu," alisema.

"Kavu kabisa?"

"Kavu, Baba Shanice."

Kesho yake, Jumatano, Thadeus aliwasha jenereta saa mbili kamili. Ndoo ya mchanga ilikuwa upande mmoja, kizima moto upande mwingine. Kwa saa nzima ya kwanza hakuondoka, alikuwa akikagua viungo. Maji yalipanda, yakafika juu, yakaendelea kufika. Saa tano ilipita, saa nane ikapita. Wakesho alihamisha maji kutoka mstari hadi mstari. Saa tisa na nusu alifika mstari wa mwisho. Alisimama pale miguu ikiwa matopeni, akapiga kelele mpaka Muinde, aliyekuwa amekuja kuangalia saa yake, akashtuka.

"Kuna nini huko juu?" Muinde aliuliza.

"Mke wangu anashukuru," Thadeus alisema.

Mzee Muinde alilizunguka tangi jekundu mara tatu. "Hii kitu ni salama kweli?" aliuliza. Thadeus alimweleza habari ya boya, sindano, hewa na koki mbili. Hakuificha habari ya mtungi wa manjano, wala ya suruali. Mwishowe alimwonyesha katoni. Mwezi huo kikundi kilikubaliana jambo moja: mtu yeyote anayetaka tangi la pili atafungiwa na Khalayi, na hatawasha kabla katoni haijakaa nusu saa. Nao moto wa kupikia ukahamishiwa kwenye migomba kwa zamu zote.

Thadeus na Wakesho walikwenda kwa Khalayi na kuku jike mnene. Khalayi alimpokea, akawashukuru, akamwachia uani atage. "Lakini shukrani yangu kubwa," alisema, "ni kwamba kila mtu anayepita hapo kisimani, Baba Shanice anamshika mkono na kumfundisha. Sasa mimi napumzika."

Ilikuwa kweli. Hata wapita njia waliokuja kuomba maji ya kunywa waliondoka wakiwa wanajua kabureta.

Maua hayakuanguka tena. Yakageuka vitunda vya kijani, vitunda vikanenepa, vikaiva. Mistari sita ya mwisho, ile iliyokaribia kufa, ndiyo iliyozaa zaidi.

Jumapili ya mavuno Wakesho alitembea hadi mbele ya kanisa na kikapu kichwani. Thadeus alitembea kando yake, mkono mmoja tayari kukishika. Khalayi na Nashon walikuwa na kanisa lao, lakini siku hiyo walikuja, wakakaa benchi la tatu kutoka mbele.

Mchungaji alikipokea kikapu. Nyanya zilikuwa kubwa, nyekundu, zimepangwa vizuri. Chini yake, Wakesho alikuwa ametandika kipande cha katoni ya sabuni.

"Mama Shanice," mchungaji alisema akitabasamu, "nyanya nzuri hivi umezilaza kwenye katoni? Hukupata kitambaa?"

Watu walicheka. Wakesho alikuwa ameandaa maneno ya kushukuru kwa mvua, mbegu na mavuno. Yote yakamtoka kichwani.

"Mchungaji, hiyo katoni ni sehemu ya sadaka," alisema. "Mwaka jana Mungu alinirudishia mume wangu kutoka hospitali. Mwaka huu alinirudishia tena, kutoka kwa moto ambao haukuwaka. Mara ya kwanza alimtuma daktari. Mara ya pili alimtuma jirani yangu, yule pale, Mama Elly. Hiyo katoni ilikaa chini ya petroli nusu saa. Iguse, Mchungaji. Ni kavu."

Mchungaji aliingiza mkono chini ya nyanya, akaigusa katoni.

"Ni kavu," alisema.

Thadeus alikohoa, akatazama pembeni, akajipangusa macho kwa mkono wa shati.